Jiwe la Gwandu

Mtu mmoja alikuwa na shimo la mchanga nyuma ya nyumba yake. Si shimo la kuchota mchanga wa kujengea, ni shimo la kuruka. Jina lake Akonaay, na huko juu kwenye nyanda za ngano, ambako wenzake hujivunia ng'ombe na wingi wa wajukuu, yeye alijivunia mchanga. Aliubeba kwa punda kutoka mtoni, akauchekecha mpaka ukaisha kokoto, akauzungushia magogo. Ukingoni mwa shimo alifukia ubao wa mninga, na kutoka kwenye ubao akasawazisha njia ya kukimbilia, nyembamba, ndefu, ngumu kama sakafu ya kupuria ngano. Shule ya kata haikuwa na shimo la maana. Kwa hiyo watoto wa kata nzima walijifunzia kwake kuruka chini, na Akonaay akawa mtu wa kusalimiwa kwanza popote anapoingia.

Alikuwa pia na watoto wawili. Wa kwanza, Gwandu, alizaliwa na miguu mirefu na akili za kawaida. Siku moja, mbele ya wageni kutoka wilayani, Gwandu aliruka mita saba. Watu wakambeba juu juu, wakaenda naye mpaka sokoni, shati likachanika. Akonaay hakwenda nao. Alibaki uwanjani analia peke yake, na alipomaliza kulia akatazama pale kijana wake alipoanzia mbio. Pembeni mwa njia palikuwa na jiwe, ukubwa wake kama kichwa cha ndama, ambalo Gwandu aliliweka ili ajue pa kuanzia. Akonaay akaingia ndani, akatoka na saruji iliyobaki alipojengea tangi la maji. Jua halijazama, jiwe lilikuwa limeshajengewa. Kesho yake akalipaka chokaa. Hakumuuliza mtu. Mtu akiwa na furaha kiasi kile haulizi, anajenga tu.

Tangu siku hiyo, kila anayeruka kwenye shimo la Akonaay alianzia kwenye jiwe. Mwenye miguu mirefu kama korongo, jiweni. Mwenye miguu mifupi kama kigoda, jiweni. Aliyejaribu kuanzia pengine aliambiwa hana adabu, na wawili watatu walipigwa kibao. Akina mama waliopita na ndoo walilizunguka. Watoto walipoulizana njia walisema, "pale kwenye jiwe la Gwandu," na mtu akaelewa.

Nisimwonee. Kazi yenyewe Akonaay aliijua. Alifundishwa na mwalimu mmoja wa riadha aliyepita kule zamani, na alilolishika alilishika. Aliwaambia watoto kwamba mbio za kuendea ubao si mbio za kukimbizwa na nyuki. Unaanza taratibu, kifua kimeinama, unausukuma udongo nyuma yako. Hatua zinarefuka zenyewe, kifua kinainuka chenyewe. Macho hayatazami ubao hata kidogo. Yanatazama mbali, juu ya mchanga, kwa sababu mguu ukizoezwa unajua nyumbani. Hatua ya mwisho kasoro moja ni ndefu, kiuno kinashuka kidogo. Ya mwisho ni fupi, ya haraka, na hapo hapo unaondoka ardhini. Idadi ya hatua ni ile ile kila siku, na kila hatua na urefu wake. Aliwafundisha hivyo, na alifundisha vizuri. Kila kitu alikijua isipokuwa mahali pa kuanzia.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Watoto wakaja, wakaruka, wakakua, wakaoa. Hakuna aliyeifikia mita saba, wala sita na nusu. Wengine walivuka ubao, mruko ukakataliwa, wengine waliruka kabla hawajaufikia, wengine walifika na mguu usio wenyewe wakaanguka kama magunia. Akonaay alipowaona alitikisa kichwa, akasema Gwandu hakuwa mtu wa kawaida. Kata nzima ikakubali. Ni rahisi kukubali jambo la namna hiyo, linakupa ruhusa ya kushindwa.

Gwandu mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida sana. Alikwenda kushindana mkoani, goti likamtoka, akarudi. Alijaribu kujizoeza tena kwa baba yake msimu mmoja. Kila alipofika uwanjani alivua kofia, akaiweka chini karibu na jiwe, halafu ndipo akakimbia. Akonaay alimwona akafurahi moyoni, akamwambia mkewe, "Umeona? Hata yeye mwenyewe analivulia kofia." Goti likakataa. Gwandu akaacha, akaoa, akaanza kuuza gambuti na ndoo kwenye mnada wa kila Jumanne, akaota kitambi. Habari za jiwe hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wanalisifu jiwe, yeye walimwomba apunguze bei.

Mtoto wa pili alikuwa msichana, Veridiana. Darasani hakuwa wa kusifiwa. Mlango wake ulikuwa miguu. Alimaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama yake alikikunja akakiweka chini ya godoro, asije mtu akakiona. Lakini uwanjani alikuwa kitu kingine. Hatua zake kutoka kwenye jiwe zilikuwa kumi na tisa, sawasawa, kama mtu anayehesabu mayai ya kupeleka kwa mkwe. Alianza taratibu kama alivyofundishwa, akarefuka, akainuka, macho mbali. Na kila siku ya Mungu, kwa hatua ya kumi na tisa, mguu wake wa kushoto ulivuka ubao kwa upana wa vidole vinne.

Haukuvuka kwa vitatu, wala kwa vitano. Akiruka asubuhi ni vidole vinne, akiruka jioni ni vidole vinne. Akonaay aliinama kila mara akaupima kwa mkono wake, akaguna.

Mtu mwenye macho angeona kwamba miguu inayokosea pale pale miezi minane haikosei kitu. Inasema kweli, na inaisema kila siku bila kuchoka. Veridiana mwenyewe aliona. Siku moja alimwambia baba yake, kwa adabu, akiwa amesimama wala hakumtazama machoni:

"Baba, nikianzia nyuma kidogo? Vidole vinne tu."

"Kaka yako aliruka mita saba kutoka hapo. Wewe miguu yako umepewa na nani?"

"Si ni ninyi, baba."

"Basi anzia hapo. Ukifika mbele, jizuie."

Akajizuia. Alipofika hatua nne za mwisho alianza kubana, akakanyaga kanyaga kama kuku anayedonoa mtama, ili mguu utue kwenye ubao. Ukatua. Lakini kasi yote aliyoitafuta tangu jiweni aliimwaga pale pale, akaondoka ardhini kama mtu anayevuka mfereji na mtoto mgongoni. Ilikuwa mita nne na sentimita sitini. Akonaay akasema, "Angalau sasa ni halali." Kuna watu wanaoridhika na halali ya namna hiyo maisha yao yote.

Mwaka huo zikaja habari. Shule moja ya mbali, yenye uwanja wa kweli na mwalimu wa riadha, inatafuta msichana mmoja wa kuruka chini kutoka tarafa ile. Atakayefika mita tano na ishirini na kuwashinda wenzake atachukuliwa, atasoma, atakula, atalala huko. Majaribio yatafanyika kwa Akonaay, kwa sababu hakuna shimo jingine. Kila msichana ataruka mara tatu. Veridiana alijua kwamba hakuna mlango wa pili. Akonaay naye alijua. Siku tatu alipiga reki mchanga, akalipaka jiwe chokaa mpya.

Siku ikafika, watu wakajaa. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni na bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Alipaka ukanda wa udongo mbichi mbele ya ubao, ili anayevuka aache alama ya kidole. Kisha akasema kila mtu aweke alama yake ya kuanzia pembeni mwa njia.

Kulikuwa na msichana kutoka kata ya jirani, Skolastika, mwenye miguu ya kawaida na ndala za bluu. Huyu alikwenda akasimama kwenye ubao, akaupa mchanga mgongo, akakimbia kuelekea kule wenzake wanakoanzia mbio. Kicheko kikazuka.

"Huyo anaukimbia mchanga! Umemng'ata?" Shangazi yake Veridiana alipaza sauti.

"Mwacheni, anarudi kwao kuaga," akajibu mwingine.

Skolastika hakugeuka. Alikuwa anahesabu. Mguu wake ulipotua hatua ya kumi na saba alisimama, akavua ndala moja, akaiweka pale. Akonaay alitazama ile ndala, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wasio na kwao ndivyo wanavyofanya, kuanzia popote.

Mwamuzi akafika kwa Veridiana. "Na wewe, alama yako?"

Veridiana akaonyesha jiwe.

"Hiyo ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Nimeuliza yako."

Akonaay akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Hiyo ndiyo ya nyumba hii, mama. Andika hivyo hivyo."

Mwamuzi akamtazama, akaandika.

Mruko wa kwanza, Skolastika alivuka ubao kwa unyayo mzima. Bendera nyekundu. Watu wakacheka tena. Yeye akainama, akaangalia alama yake kwenye udongo, akarudi, akaichukua ndala yake akaisogeza nyuma unyayo mmoja. Hakununa wala hakulia. Veridiana akakimbia kutoka kwenye jiwe, hatua kumi na tisa, akavuka kwa vidole vinne. Nyekundu.

Mruko wa pili, upepo ulikuwa umegeuka unawapiga usoni. Skolastika akalamba kidole, akakiinua hewani, akaisogeza ndala mbele kidogo. Akakimbia, akaukanyaga ubao katikati, akaruka mita tano na ishirini na nne. Bendera nyeupe. Safari hii hakuna aliyecheka. Ikawa zamu ya Veridiana. Akonaay akampigia kelele, "Jizuie!" Akajizuia, akadonoa, akaruka mita nne na hamsini na tano. Ikabaki mara moja.

Ndipo Gwandu alipofika, gambuti jozi mbili zikining'inia begani, anatafuna hindi la kuchoma. Akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Akamtazama dada yake akirudi jiweni anafuta mchanga magotini.

"Anaruka vipi?"

"Anavuka," akasema Akonaay. "Vidole vinne. Kila siku vidole vinne, sijui ana pepo gani."

"Si arudi nyuma vidole vinne?"

"Wewe uliruka saba kutoka pale."

Gwandu akacheka, punje za mahindi zikamtoka. "Baba, jiwe lile mimi nilikuwa nalihamisha kila asubuhi! Upepo wa usoni nalisogeza mbele, wa mgongoni nalirudisha nyuma. Siku ile upepo ulikuwa mgongoni, nikalirudisha kama futi mbili. Wakanibeba, sikurudi kuligusa. Kesho yake nikakuta umelijengea."

Akonaay hakugeuza shingo. "Ulipojizoeza tena ulikuwa unalivulia kofia."

"Kofia ndiyo ilikuwa alama yangu, mzee. Jiwe si lilikuwa haling'oki?"

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unalia kwa furaha. Ningekuambiaje?"

Gwandu akaendelea kutafuna. Kwake lilikuwa jambo dogo, kama kumkumbusha mtu mahali ndoo ilipowekwa. Waliokaa karibu walikuwa wanabishana kuhusu upepo, hawakusikia. Aliyesikia ni Akonaay peke yake.

Mwamuzi akapiga filimbi. Veridiana alikuwa na dakika moja.

Dakika ni ndefu kwa mtu aliyekaa kitini. Akonaay aliona yote ndani yake. Alihitaji maneno manne tu: rudi nyuma vidole vinne. Binti yake angesikia, sauti yake ilikuwa inafika hata ng'ambo ya shamba. Lakini wangesikia na wengine. Wangesikia akina baba waliolelewa kwenye jiwe lile, ambao mita zao ziliwashinda wakiwa vijana wakaambiwa si akina Gwandu. Angesikia yule fundi baiskeli aliyepigwa kibao kwa kuanzia hatua moja nyuma. Alikuwa pale, amembeba mwanawe mabegani. Angesikia shangazi, na shangazi akisikia jambo ni sawa na limesomwa kanisani. Angewaambia nini watu wa miaka kumi na mmoja? Kwamba walikuwa wanaanzia mahali ambapo jiwe lilisahauliwa?

Akajiambia, labda leo atauweka mguu. Akajiambia, upepo wa usoni utamfupishia hatua. Na akilini mwake alijua kwamba upepo ulikuwa umeshatulia, chokaa mpya hairuki hata chembe.

Veridiana alisimama kwenye jiwe. Kabla hajainua mkono kuonyesha yuko tayari, aligeuka akamtazama baba yake. Alimtazama tu, kama mtu aliyefika njia panda akamkuta mwenyeji.

Akonaay akaitikia kwa kichwa.

Akakimbia. Safari hii hakujizuia, labda alichoka kudonoa. Alianza taratibu, kifua kimeinama, akausukuma udongo. Akarefuka, akainuka, macho mbali juu ya mchanga, hatua ya mwisho kasoro moja ndefu, ya mwisho fupi, na akaondoka ardhini kama kitu kilichokatwa kamba. Alitua ng'ambo ya kigingi cha mita tano na nusu, mchanga ukaruka mpaka kwenye magogo. Kelele iliyopigwa iliwashtua ng'ombe wa jirani.

Mwamuzi akainama kwenye udongo. Akaweka mkono wake pale, akauinua, akakuta vidole vinne. Akapandisha nyekundu.

Mruko wa bendera nyekundu haupimwi. Kabla watu hawajaanza kuupima kwa macho na kuulizana, Akonaay aliinuka kwenye kiti, akachukua reki, akaingia shimoni akausawazisha mchanga. Aliusawazisha vizuri sana, kwa utulivu, mpaka alama ya visigino ikafutika. Alipoinua kichwa, Gwandu alikuwa amesimama ukingoni na hindi lililobaki mkononi, halitafuni tena. Walitazamana. Gwandu akazirekebisha gambuti zake begani, akaondoka.

Skolastika akavaa ndala yake, na jina lake likaandikwa.

Watu walipotawanyika Veridiana alimwendea baba yake, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. "Nisamehe, baba. Ulisema nijizuie, sikujizuia."

Akonaay akamwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Si kila mtu ni Gwandu."

Basi nyinyi mnaokaa vitini na kuwasamehe watoto wenu, nijibuni: siku ile, kati ya wale wawili, ni nani aliyekanyaga nje ya ubao?